Mkalimani Naye Ahesabiwe Miaka Mitatu: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani

Kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Shirikisho, Berlin.

Waheshimiwa,

Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani, inayotumika tangu Januari 2005, ina sentensi fupi mwishoni mwa fungu la 5 la kifungu cha 21. Fungu hilo linawahusu wageni waliojiajiri katika taaluma huria, na sentensi yenyewe inasema kwamba fungu la 4 halitumiki kwao. Barua hii inaiomba Wizara ipeleke bungeni pendekezo la kuifuta.

Fungu la 4 lina uzito wake. Mgeni aliyeanzisha biashara, akaifanikisha, na baada ya miaka mitatu kipato chake kikawa kinamtosha yeye na familia yake, anaweza kupewa ukaazi wa kudumu. Hadaiwi ile miezi 60 ya michango ya pensheni ambayo waombaji wengine hudaiwa. Mwenye taaluma huria, kazi yake istawi namna gani, hana mlango huo. Atasubiri miaka mitano, na miezi 60 ya michango iko palepale.

Chukua mfano wa Watanzania wawili wanaoishi mtaa mmoja mjini Berlin. Mmoja ana duka la vitenge na viungo, hivyo mbele ya sheria ni mfanyabiashara. Mwenzake anakalimani kati ya Kiswahili na Kijerumani. Sheria ya kodi ya mapato, kifungu cha 18, inawataja wakalimani na wafasiri katika kundi moja na madaktari, mawakili na waandishi wa habari: watu wa taaluma huria. Wote wawili wanalipa kodi, wanajigharimia bima, wanatafuta wateja wenyewe. Mwaka wa tatu ukitimia, mwenye duka anaweza kuomba kukaa moja kwa moja. Mkalimani anarudi kukusanya karatasi za kuhuisha kibali.

Na karatasi ni nyingi. Pasipoti na picha, mkataba wa nyumba pamoja na uthibitisho wa kodi ya pango, cheti cha bima ya afya, hesabu za mapato na matumizi, taarifa za benki, na hati ya makadirio kutoka ofisi ya kodi. Aliyevuka miaka 45 huonyesha pia atakavyojikimu uzeeni. Hati ya makadirio inazungumzia mwaka uliokwisha kupita, kwa hiyo aliyekuwa na mwaka mbaya halafu akainuka huhukumiwa kwa ule mbaya, asipopata mhasibu wa kumwandalia hesabu mpya, na huyo mhasibu hafanyi kazi bure. Mwajiriwa wa kawaida hupeleka mkataba wake na hati za mshahara za miezi michache, yakaisha.

Kinachomtesa zaidi mkalimani ni kutakiwa kuleta barua za wateja wanaoahidi kazi ya siku zijazo. Miongoni mwa wateja wa mkalimani wa Kiswahili nchini Ujerumani ni dola yenyewe: mahakama, polisi, na Ofisi ya Shirikisho ya Uhamiaji na Wakimbizi, ambako Mkongomani wa Goma au Bukavu anaweza kuhojiwa kwa Kiswahili na maisha yake yote yakategemea namna maneno yake yalivyofasiriwa. Mkalimani huitwa shauri linapotokea. Hakuna hakimu awezaye kuandika leo kwamba Machi ijayo atakuwa na shahidi anayesema Kiswahili. Dola inamtaka mtu huyu alete ahadi ambayo dola hiyohiyo, ikiwa mteja wake, haiwezi kumpa.

Kipindi cha kusubiri uamuzi nacho kina adha yake. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Ukaazi kinamlinda aliyeomba kabla kibali hakijaisha: haki zake zinaendelea mpaka uamuzi utoke. Cheti cha kuthibitisha hilo kinalipiwa euro 13, na jambo lenyewe limo katika alama iliyotiwa kwenye kisanduku kimoja cha ukurasa wa tatu. Sasa mtumishi wa benki au mwenye nyumba asiyekijua cheti hicho hutazama kadi ya kibali, akaona tarehe imepita. Mwenye kibali cha muda mfupi hukutana na macho hayo kila mara.

Hoja ya upande wa pili ipo na inastahili jibu. Mwenye taaluma huria aliingia kwa masharti mepesi, maana hakutakiwa kuthibitisha kwamba uchumi au eneo fulani linaihitaji shughuli yake, kama anavyotakiwa mfanyabiashara. Ni kweli. Lakini hayo ni masharti ya kuingilia. Baada ya miaka mitatu hakuna haja ya kukisia kama kazi yake inahitajika, kwa sababu ankara zimelipwa na kodi imekatwa. Fungu la 4 lenyewe linadai mafanikio na kipato cha kutosha, kwa hiyo asiyefanikiwa hatapita.

Tena Wizara imeshaonyesha kwamba muda unaweza kufupishwa. Tangu Novemba 2023, mfanyakazi mwenye ujuzi aliyeajiriwa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu badala ya minne. Mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya huomba baada ya miezi 27, na akijua Kijerumani cha kiwango cha B1, miezi 21. Mkalimani, mfasiri, mwanamuziki na mwalimu wa kujitegemea waliachwa walipokuwa.

Watu wa namna hiyo si wageni wa jana Ujerumani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na miaka ya baadaye akajipatia riziki kwa kutoa mihadhara mji hadi mji, mpaka alipofariki mwaka 1927.

Sentensi hiyo ya fungu la 5 ikifutwa, ombi linabaki moja: mabadiliko yawafikie pia walio na kibali cha taaluma huria hivi sasa, na miaka waliyokwisha kufanya kazi ihesabiwe yote. Mkalimani aliye katika mwaka wake wa nne asiambiwe aanze kuhesabu upya tangu siku sheria itakapotiwa saini.