Nani Ashike Ufunguo wa Hifadhi ya Fatwa?

Mwaka 2025 Misri ilipitisha sheria ya kupanga utoaji wa fatwa, na Saudi Arabia ilikwishatoa amri ya namna hiyo tangu 2010. Zote mbili zinamtazama anayetoa fatwa. Sisi tunaona yuko wa pili wa kutazamwa, naye ni yule anayeiingiza fatwa mtandaoni na kushika nywila.

Wanafunzi wa Hadithi wanamjua Sufyan bin Wakii, aliyefariki mwaka 247 Hijria. Mwenyewe alikuwa mkweli. Karani wake ndiye aliyemchomekea Hadithi zisizokuwa zake. Akanasihiwa, hakukubali, na riwaya zake zikaporomoka. Mtoto wa imamu mkubwa, Wakii bin al-Jarrah, kaangushwa na kalamu ya karani!

Mifumo ya leo ya kuhifadhi maswali na majibu ina daraja zake: msomaji, mwandishi, mhakiki, na msimamizi anayeweza kufuta kila kitu. Tatizo ni kuwa kwa kukwepa usumbufu, wote hupewa usimamizi, tena kwa nywila moja. Kijana aliyejitolea Ramadhani moja akaondoka bado anaweza kugeuza "haijuzu" ikawa "inajuzu", na asijulikane nani kafanya.

Zito zaidi ni maswali yenyewe. Mama anauliza kuhusu talaka iliyotamkwa kwa hasira, anaeleza mpaka ya chumbani. Hata jina likifichwa, visiwani kwetu ukitaja shehia na idadi ya watoto umeshamtaja mtu. Katika Surat an-Nur tumeamrishwa kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na swali kama hili kwetu ni nyumba.

Rai yetu ni kwamba swali asilia lionwe na sheikh anayejibu na mpokeaji mmoja tu. Mhakiki awe mwenye elimu, si fundi wa kompyuta, pamoja na heshima zote kwa mafundi. Kila mtu na nywila yake, na anayeondoka afungiwe siku hiyo hiyo. Fatwa ikirekebishwa, ya kwanza isifutwe; ibaki na tarehe na jina la aliyebadili.

Wapo watakaosema huku ni kuficha elimu. Majibu yasomwe na wote, hilo hatulipingi. Lakini kurasa za Qur-aan zilizokusanywa zama za Abubakar zilikuwa mikononi mwa Bibi Hafsa (Radhiya Allahu 'anha). Sayyidna Uthman aliziomba, zikanakiliwa, akamrejeshea. Nakala ndizo zilizopelekwa mijini.

Wallahu a'lam.