DAFTARI LA MAFUTA SI ADUI WA MVUVI

Ndugu wanachama na wanakijiji wa Liuli,

Siku hizi pale mwaloni na vijiweni kuna maneno yanatembea. Eti ushirika unapenda karatasi kuliko kazi. Eti mvuvi anataka petroli, anapewa daftari. Eti mfanyabiashara kaja na nia njema ya kutujengea kituo cha mafuta ufukoni, na sisi tunamzungusha kwa kumdai mkutano na cheti cha mazingira. Maneno haya yana wenyewe, nao ni wale wanaopata faida mambo yasipoandikwa. Basi tunawajibu hapa ukutani, mchana kweupe. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe.

Tuanze na daftari. Ushirika unadai kila boti ya mwanachama ilete risiti ya petroli, iandikwe lita, bei, siku na mahali iliponunuliwa. Muuzaji mwenye leseni naye anatakiwa na kanuni za EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, atunze kumbukumbu za alichopokea na alichouza, na azitoe anapotakiwa. Madaftari mawili yakikutana, mwizi hana pa kujificha. Ndiyo maana analia.

Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila wilaya ina mstari wake, ya kwetu Nyasa ikiwamo. Muuzaji anaruhusiwa kushusha, haruhusiwi kupandisha. Ni kweli huku kwetu bei huwa juu kuliko bandarini, maana gari linalipa njia ndefu: lipite Songea, lipite Mbinga, ndipo literemke kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Gharama hiyo tunaielewa na tunailipa. Tusichokubali ni ile nyongeza inayowekwa gizani. Mtu anauza kwa chupa nyuma ya nyumba, chupa haijajaa, bei ni ya mdomo wake, risiti hakuna. Ukiuliza, anakwambia, "Kama hutaki, piga kasia." Huyo ndiye kupe wa mvuvi, ndugu zetu!

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1983, Serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Maduka yalikuwa matupu, kumbe mali imefichwa. Msifikiri tabia ile ilikufa. Mwaka 2023 mafuta yalipoadimika, EWURA ilifungia vituo vilivyobainika kuficha mafuta. Hesabu ya mfichaji ni nyepesi: akinusa kwamba bei itapanda Jumatano, anafunga pampu Jumatatu na kusema yamekwisha. Anayemuumbua ni yule mwenye hesabu ya yaliyoingia na yaliyotoka. Bila hesabu tutabaki kunung'unika tu, na manung'uniko hayajazi tangi.

Na ubora je? Tangu mwaka 2010 mafuta ya soko la ndani hutiwa vinasaba, ili yaliyochakachuliwa au yaliyokwepa kodi yajulikane. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiuliziwi ufukoni, inajionyesha katikati ya ziwa upepo ukichafuka, injini inakohoa na kuzima. Mwenye risiti anajua amlalamikie nani. Mwenye chupa atamlalamikia nani? Samaki?

Sasa tuje kwenye mazingira, maana hapo ndipo kelele zilipo kubwa.

Wanasema mafuta na mazingira ni mambo mawili. Sisi tunasema ni jambo moja, na daftari ni lile lile. Chukueni mfano, kama tunavyofanya ubaoni kwenye darasa la watu wazima. Tangi lilikuwa na lita 1,000. Gari likaleta 2,000. Zikauzwa 600. Lazima zibaki 2,400. Ukitumbukiza fito ya kupimia ukakuta 2,340, lita 60 zimekwenda wapi? Kupungua kidogo kwa mvuke kupo. Lakini upungufu mkubwa unaorudi siku hadi siku una njia mbili: ama umeingia mfukoni mwa mtu, ama tangi limetoboka na mafuta yanaingia ardhini. Tangi likishafukiwa hatulioni. Linalotusemea ni daftari. Anayekataa kuandika anatuficha wizi na uvujaji kwa pamoja.

Na ardhi ya hapa inateremkia wapi kama si ziwani? Maji hayo akina mama wanachota, watoto wanaoga, usipa tunaanika juu ya mchanga ule ule. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire, kule Malawi, na maji hukaa humu miaka mingi mno kabla ya kuufikia. Sumu ikiingia haiondoki kesho kama takataka za mtoni. Itabaki na sisi, na wajukuu zetu wataikuta.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60, ndugu, si hatua kumi! Kiwanja alichoonyeshwa huyo mfanyabiashara kiko ndani ya mita hizo. Tumekwenda na kamba, tumepima. Asiyeamini aje na kamba yake.

Tena kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2005 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, aeleze faida na madhara, na akutane na watu watakaoguswa. Mnaona? Sheria haikusema akutane na watu watatu ofisini. Tumesikia kuna muhtasari wa mkutano umeshaandikwa, mahudhurio yamejaa majina, na wengine kati ya hao siku hiyo walikuwa ziwani wakivua. Mkutano huo ulifanyika wapi? Ndani ya bahasha? Kiongozi yeyote atakayetia sahihi karatasi ya namna hiyo anauza kijiji, hata kama alichaguliwa kwa kura zote. Na mtumishi anayegeuza kibali kuwa mlango wa chai naye tunamwambia: kibali ni haki ya mwananchi ya kusikilizwa, hakiuzwi.

Wako wanaotutisha: "Mkichelewesha, mtakosa mafuta." Huo ni uongo. Sisi hatukatai kituo, tunakitaka. Petroli iliyowekwa kwenye madumu ndani ya nyumba ni hatari kuliko kituo chochote, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka unalifikia jiko. Tusisahau Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na moto ukaua watu zaidi ya 100. Tunataka kituo mahali panapofaa, chenye leseni, ubao wa bei na tangi linalopimwa. EWURA imeweka masharti nafuu kwa vituo vya vijijini, na REA imekuwa ikitoa mikopo ya kuvijenga. Kwani mkopo huo ni wa mfanyabiashara peke yake? Ushirika wenye madaftari safi unaweza kuuomba. Ushirika usio na hesabu utafukuzwa mlangoni, na hapo hatutakuwa na wa kumlaumu.

Kwa hiyo tunataka mambo manne:

1. Kila boti ya mwanachama ilete risiti kila wiki. Asiyeleta asidai kutetewa akiibiwa.

2. Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kwa matangazo, siku ambayo wavuvi wako nchi kavu. Suala la kituo liwe la kwanza, muhtasari usomwe kwa sauti kabla haujatiwa sahihi.

3. Kamati ya mazingira ya kijiji ipime eneo jipya nje ya mita 60, mbali na visima na shule, mbele ya macho ya watu.

4. Bodi ya ushirika ilete mkutanoni hesabu ya kujenga kituo chetu wenyewe.

Wanaosema karatasi ni za watu wa mjini wanatutaka tubaki gizani. Sisi tulijifunza kusoma na kuandika ukubwani, tukiwa na watoto mgongoni na nyavu begani. Hatukujifunza ili tutie sahihi tusichokisoma.

Njooni mkutanoni. Kila mtu aje na risiti zake.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wanachama, Liuli