Anayebonyeza kitufe cha 'nunua' huondoka na nini?

Na Mwandishi Wetu

TANGU Januari 1, 2025, mfanyabiashara anayewauzia wakazi wa jimbo la California, Marekani, filamu, muziki, vitabu au michezo ya kompyuta kwa njia ya intaneti haruhusiwi kuandika neno "nunua" kwenye kitufe cha malipo, isipokuwa awe amemweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni ya kutumia tu, wala si mali. Sheria hiyo, iliyotokana na muswada namba AB 2426 na kutiwa saini na Gavana Gavin Newsom Septemba 2024, si ndefu. Hata hivyo, ni nadra kwa bunge lolote kulazimika kukaa na kujadili maana ya kitenzi ambacho hata mtoto aliyetumwa dukani kuleta chumvi anakifahamu.

Mtoto huyo anajua kwamba akishatoa fedha na kupewa chumvi, habari imekwisha. Chumvi ni ya mama yake. Anaweza kuipikia, kumgawia jirani au kuimwaga. Mwenye duka hana ruhusa ya kuingia jikoni usiku na kuichukua, hata kama ataacha fedha zote mezani.

Katika biashara ya bidhaa za kidijitali, jambo la namna hiyo limekwisha kutokea. Julai 2009, baadhi ya wateja wa kampuni ya Amazon waliokuwa wakitumia kifaa cha kusomea vitabu kiitwacho Kindle waligundua kuwa vitabu viwili vya George Orwell vimetoweka: 1984, na kile cha Animal Farm ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kama Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Aliyeviingiza sokoni hakuwa na hakimiliki yake nchini Marekani. Amazon ilipobaini hilo, ilivifuta kutoka mbali, ikawarudishia wateja fedha zao na kuendelea na shughuli. Mwanafunzi mmoja wa sekondari wa jimbo la Michigan, aliyekuwa akiandika maelezo ya masomo yake pembeni mwa kurasa za 1984, alibaki na maelezo yasiyo na kitabu. Alikwenda mahakamani, na shauri likamalizika kwa maafikiano mwaka huohuo. Mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani na kukiri kuwa kilichofanyika kilikuwa cha kijinga. Kwamba kitabu kilichofutwa kinyemela kilikuwa kile kinachosimulia serikali inayochoma kumbukumbu zisizoipendeza, ni sadfa ambayo hata mtunzi wa vichekesho angeona haya kuitumia.

Radhi ilikubaliwa na wengi wakasahau. Lakini tukio lile lilidhihirisha jambo ambalo radhi haikuliondoa, nalo ni kwamba kitu kilichomo mkononi mwa mnunuzi bado kimefungwa kamba, na ncha ya pili ya kamba hiyo imeshikwa na muuzaji.

Namna kamba hiyo inavyofanya kazi si vigumu kuieleza. Faili la kitabu au filamu hufungwa kwa maandishi ya siri yasiyosomeka. Ili lifunguke, kifaa cha mteja huwasiliana na seva za kampuni, ambazo hutazama akaunti yake na kutoa ufunguo. Mteja hapewi ufunguo huo aukae nao. Unabaki ndani ya programu. Seva zikizimwa, au akaunti ikifungwa, faili linaweza kubaki kwenye kifaa likiwa zima kabisa lakini halina faida, mithili ya sanduku la chuma lililopoteza funguo. Na nchini Marekani, sheria ya mwaka 1998 ifahamikayo kwa kifupi kama DMCA inamkataza hata mwenye sanduku kulivunja kufuli, ingawa kuna misamaha michache inayotolewa kwa vipindi.

Ikumbukwe kwamba mvutano kati ya muuza kazi za sanaa na mnunuzi haukuanza na kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill ilichapa ndani ya riwaya yake moja tangazo kwamba hakuna mfanyabiashara anayeruhusiwa kuiuza chini ya dola moja, na atakayefanya hivyo atakuwa amevunja hakimiliki. Duka kubwa la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mchapishaji akishauza nakala, mamlaka yake juu ya nakala hiyo yamekoma. Hakimiliki inamlinda dhidi ya anayechapa nakala nyingine, si dhidi ya anayeuza ile aliyoinunua. Maktaba za nchi hiyo na wauza vitabu vilivyotumika wamesimama juu ya msingi huo hadi leo.

Swali likawa kama msingi huo unahamia kwenye faili. Kampuni moja changa iitwayo ReDigi ilijaribu kulijibu kwa vitendo mwaka 2011, ilipofungua soko la kuuziana nyimbo zilizokwisha kununuliwa, kwa sharti kwamba muuzaji habaki na nakala. Kampuni ya Capitol Records iliishtaki, na mwaka 2013 mahakama ikaipa ushindi. Rufaa ya ReDigi nayo ikagonga mwamba Desemba 2018. Hoja ya majaji ilikuwa ya kiufundi, na kwa hakika ni vigumu kuipinga: faili halihami kama kitabu kinavyotoka mkono huu kwenda ule. Kila linapopelekwa kwenye kompyuta nyingine, hutengenezwa nakala mpya, na kutengeneza nakala ndiyo haki hasa aliyohifadhiwa mwenye hakimiliki. Barani Ulaya mambo yalikwenda kwa kuyumbayumba zaidi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali mwaka 2012 kwamba programu ya kompyuta iliyouzwa kwa leseni isiyo na kikomo inaweza kuuzwa tena, lakini mwaka 2019 ikakataa jambo hilohilo kwa vitabu vya kielektroniki.

Wakati wanasheria wakichambua tofauti ya kuhamisha na kunakili, rafu za watu zilianza kupungua. Aprili 2019, Microsoft ilitangaza kufunga sehemu ya vitabu katika duka lake la intaneti, na ilipofika Julai vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Kampuni ilirudisha fedha zote, na waliokuwa wameandika maelezo ndani ya vitabu wakaongezewa dola 25. Ulikuwa uungwana, na pengine hakuna kampuni iliyojiondoa kwa heshima zaidi. Pamoja na hayo, hakuna mteja aliyeulizwa kama angependa kubaki na kitabu chake badala ya fedha.

Desemba 2023 ikawa zamu ya Sony. Wenye mashine za PlayStation waliarifiwa kuwa vipindi vya Discovery walivyokuwa wamevilipia, zaidi ya misimu 1,300, vingeondolewa kwenye akaunti zao mwisho wa mwezi huo kwa sababu ya mikataba ya leseni. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Kabla ya tarehe kufika, Sony ilitangaza kuwa mkataba umerekebishwa na vipindi vingebaki kwa angalau miezi 30. Ukihesabu tangu Desemba ile, muda huo unafika katikati ya mwaka 2026. Mtu aliyelipa bei kamili ya kipindi akawa kama mpangaji aliyeongezewa mkataba.

Lakini kisa kilichowaudhi watu kuliko vyote ni cha mchezo wa magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft. Mchezo huo uliotoka Desemba 2014 ulihitaji intaneti muda wote, hata kwa anayecheza peke yake chumbani. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva zake. Hata aliyenunua diski dukani, ikafungwa kwenye mfuko na kupewa risiti, alibaki na kipande cha plastiki. Wachezaji wawili wa California walifungua kesi Novemba 2024. Majibu ya Ubisoft ni yaleyale: wateja walielezwa kuwa wanapata leseni.

Aliyeibeba hasira hiyo hakuwa mbunge wala wakili. Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza video za maoni kuhusu michezo ya zamani ya kompyuta, alianzisha Aprili 2024 kampeni ya kutaka michezo isiuliwe baada ya kuuzwa. Kutokana nayo, wananchi wa Umoja wa Ulaya waliandaa ombi rasmi kwa Kamisheni ya umoja huo, na Julai 2025 ombi hilo lilivuka saini milioni moja zinazotakiwa kisheria. Waombaji hawadai kampuni ziendeshe seva milele. Wanataka kampuni inapoondoka, iuache mchezo katika hali inayochezeka. Chama cha watengenezaji wa michezo wa Ulaya kilijibu kuwa sharti hilo lingeongeza mno gharama ya kutengeneza michezo, na kwamba seva zikiendeshwa na watu binafsi hakutakuwa na wa kuwalinda wachezaji dhidi ya maudhui haramu.

Hoja za kampuni haziwezi kutupwa zote. Seva zinakula umeme na mishahara ya mafundi. Muuzaji naye mara nyingi ni mpangaji, kwa kuwa filamu anayoiuza ameipata kwa mkataba wenye ukomo kutoka kwa mwenye nayo. Na uharamia upo. Afrika Mashariki inaufahamu vyema: kwa miaka mingi muziki wa Dar es Salaam na Nairobi ulisafiri kwa vibanda vya kuchoma CD na kuingiza nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu za simu, faili lisilo na kufuli, la kudumu, la kugawiana bure na ndugu na jamaa. Msikilizaji alilimiliki kikamilifu na msanii hakuambulia hata shilingi.

Hata hivyo, historia ya muziki inaonyesha kuwa kufuli si dawa pekee. Apple ilipofungua duka lake la nyimbo Aprili 2003, kwa senti 99 kila wimbo, iliuza faili zenye kufuli kwa matakwa ya kampuni za kurekodi. Februari 2007 Steve Jobs aliandika waraka wa wazi akizitaka kampuni hizo ziachane na kufuli, kwa hoja kwamba CD walizokuwa wakiuza kwa wingi hazikuwa na kufuli lolote. Kufikia mwaka 2009 kufuli liliondolewa kwenye nyimbo za duka hilo, na biashara haikufa. Wimbo ulionunuliwa wakati ule ukanakiliwa kwenye diski bado unalia leo.

Baadaye wasikilizaji wengi waliacha kununua kabisa, wakahamia kulipa ada ya mwezi. Spotify, kwa mfano, ilitangaza Februari 2021 kuingia Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Katika mpango huo hakuna anayedanganywa. Anayelipa kodi ya mwezi anajua amepanga. Vivyo hivyo kwa anayechukua simu kwa mkopo jijini Nairobi au Dar es Salaam: anaelezwa kuwa akichelewesha malipo itafungwa kutoka mbali, na anajua siku atakayomaliza deni kufuli litatoka. Mnunuzi wa filamu ya kidijitali amekwisha kulipa bei yote siku ya kwanza, na kufuli lake halina siku ya kutoka.

Hapo ndipo sheria ya California inapoonyesha udhaifu wake. Inarekebisha neno na kuiacha kamba mahali pake. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, liliweka tangazo la leseni kwenye ukurasa wa malipo Oktoba 2024, na mauzo yakaendelea kama kawaida. Kipengele chenye uzito zaidi ni kile cha msamaha: sheria haimgusi muuzaji anayemruhusu mteja kupakua faili la kudumu, linalotumika bila intaneti wala idhini ya mtu. Duka pinzani la GOG lilikichangamkia mara moja, likajitangaza kuwa faili za kusakinisha michezo yake haziwezi kuchukuliwa tena na yeyote.

Amazon ilielekea upande mwingine. Februari 26, 2025, iliondoa njia iliyokuwa ikiwawezesha wateja kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya, njia ambayo wengi waliitumia kujiwekea akiba. Wakati huohuo, kurasa za duka lake nchini Marekani ziliandikwa kuwa mteja anapoagiza, ananunua leseni. Maelezo hayo yaliwekwa karibu na kitufe cha kununulia, kwa herufi ndogo kuliko za kitufe chenyewe.