Kuta za Kijani na Macho ya Mwanafunzi

Kutoka Kapsoit hadi Bomet, Mola amekwisha kupaka kila kilima rangi ya kijani, tena bila malipo. Hata hivyo, mtindo wa kupaka kuta za ndani kijani kilichokolea, unaosifiwa mno na wapambaji wa nyumba siku hizi, unazidi kupata wafuasi. Haukosi sababu. Rangi hiyo hutuliza moyo, na huficha masizi na alama za mikono ya watoto, ingawa uchafu usioonekana haujaondoka. Wapo pia wasemao kuwa wanaileta chai sebuleni. Wangemuuliza mchumaji, angewaambia kuwa majani mawili na chipukizi anayotia kikapuni ni ya kijani chepesi. Yaliyokolea ni yale makuukuu anayoyaacha kichakani.

Hatuna ugomvi na urembo. Tunalouliza ni hili: mtoto wa nyumba hiyo atasomea wapi?

Ukuta mweupe hurudisha chumbani takribani sehemu nne kwa tano za mwanga unaoupiga. Ukuta wa kijani kilichokolea hurudisha sehemu moja kwa kumi, au hata pungufu. Unaobaki humezwa na kugeuka joto. Kericho iko karibu na ikweta, na jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Aghalabu mawingu ya mvua ya alasiri hulitangulia. Mwanafunzi wa shule ya kutwa, akishamaliza kazi za nyumbani, hudurusu kwa balbu moja au taa ndogo ya sola. Ukuta ukiumeza mwanga huo, aliyeketi chini ya taa ataona, na ndugu zake walio pembeni watakodoa macho.

Mwalimu wa sayansi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa maboksi mawili, moja limepakwa nyeupe ndani na jingine kijani kizito, kwa tochi ile ile na ukurasa ule ule. Waliojenga madarasa yetu mengi walilijua. Sehemu ya chini ya ukuta, inayoguswa na mabega na viatu, walipaka rangi nzito. Ya juu wakaiacha nyeupe au ya maziwa. Anayekipenda kijani na akitie ukuta mmoja wa sebule, dari ibaki nyeupe, na chumba cha kusomea kiachwe na nuru yake.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Kijani cha rangi za mafuta za zamani mara nyingi kilipatikana kwa kuchanganya buluu na manjano yenye madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini Kenya ni sehemu 90 kwa kila milioni. Mnunuzi asione haya kumwuliza mwenye duka kuhusu risasi, na kusoma mkebe kabla ya kulipa. Ukuta wenye rangi kuukuu usikwaruzwe ukiwa mkavu, kwa maana vumbi lake ndilo sumu yenyewe. Ulowanishwe maji kwanza, watoto wakae nje, wasirudi mpaka sakafu ipigwe deki.