Kalemie: Fundi wa mbali aingie, lakini asiachiwe ufunguo

Fundi wa ordinatere anayeitwa kutoka Lubumbashi kuja Kalemie anachagua ndege, ambayo tiketi yake ni bei kali, au njia ya nchi kavu inayoweza kumla siku nyingi. Haishangazi basi kwamba biro inamwomba aingie kwa intaneti. Fundi anabaki kwake, anaendesha mashine iliyo Kalemie, na mhasibu anarudia kazi yake kabla ya saa sita. Ni msaada mkubwa. Anayetaka ukatazwe hajawahi kungoja fundi wiki mbili.

Ubaya unakuja fundi akimaliza. Programu kama AnyDesk na TeamViewer zina njia mbili: aliyekaa mbele ya mashine akubali kila mara, au neno la siri liwekwe mara moja, fundi aingie hata usiku biro ikiwa tupu. Njia ya pili ndiyo inayopendwa, kwa sababu haimwamshi mtu. Lakini neno hilo linatembea. Linaandikwa kwenye karatasi, linatumwa kwa WhatsApp, fundi anabadili kazi, nalo linabaki lile lile.

Mwaka 2021, wezi waliingia katika kampuni ya mafuta ya Marekani, Colonial Pipeline, kwa akaunti ya zamani ya kuingilia kutoka mbali. Hakuna aliyeitumia tena, hakuna aliyeifuta. Neno la siri peke yake lilitosha. Bomba lilifungwa siku kadhaa na kampuni ikalipa karibu dola milioni 4,4.

Mashariki mwa Kongo, akaunti iliyosahauliwa inaweza kugharimu zaidi ya pesa. M23 ilichukua Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Watu walikimbia na nguo walizovaa. Kama ordinatere moja iliyobaki mezani kule inahifadhi neno la siri la biro ya Kalemie, anayeiwasha leo hahitaji ujuzi wowote. Anabonyeza, na orodha ya wakimbizi wanaopokea msaada, majina na mahali wanapolala, iko mbele yake.

Kwa hiyo mkubwa wa kila biro yenye tawi Kivu afute maneno ya siri yote ya zamani, wiki hii, bila kungoja mkutano. Aongeze namba ya pili ya kuingilia. Wengine watasema mtandao wa Kalemie unakatika na ujumbe haufiki. Lakini kuna programu za simu zinazotoa namba hiyo kila sekunde 30 bila mtandao wowote.

Kisha mtu akubali kila mara fundi anapoingia. Ndiyo, inachosha. Mara nyingine kazi italala mpaka asubuhi, na kwa biro nyingi hakuna atakayekufa. Kwa hospitali ni tofauti, lakini hospitali ina mtu wa zamu usiku kucha. Huyo ndiye afundishwe kubonyeza, na kumpigia fundi simu kwanza, asikie sauti yake.