Ile mashine inakupa mikono, hii haikupi

Wiki iliyopita mdogo wangu alitumwa sokoni kununua sabuni na chumvi. Akarudi mikono mitupu. Pesa yote iliisha kwenye mashine ya kamari, ile ya kutumbukiza sarafu. Nikamuuliza, akanijibu: "Yaya, ni mchezo tu."

Hapo ndipo nabisha. Mimi napenda michezo ya mashine, na kuna moja nimeicheza sana kwenye laptop ya rafiki (yenyewe ya mbao na chuma sijawahi kuigusa): pinboli ya The Addams Family. Ilitoka Marekani 1992, mwaka mmoja baada ya filamu ya ile familia ya vituko. Waliibuni Pat Lawlor na Larry DeMar, na ziliuzwa zaidi ya 20,000.

Uzuri wake uko wapi? Unacheza ndani ya jumba la ile familia. Kuna rafu ya vitabu: unaipiga na kipira mpaka herufi za neno GREED, yaani uroho, zinatimia, halafu rafu inazunguka na nyuma yake kuna chumba cha hazina. Ingiza kipira humo, baadaye unapewa vipira vitatu kwa mara moja, jasho linatoka! Kuna kiti cha umeme kinachofungua vyumba vya jumba kimoja kimoja. Na kuna ule mkono, Thing, unaotoka kwenye sanduku na kunyakua kipira. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mtu atasema hata hiyo inaiba. Ni kweli, chini ya ubao kuna sumaku zinazoyumbisha kipira. Lakini mashine inakutangazia kabla, nawe bado uko na vibao vya kujitetea. Unaruhusiwa hata kuisukuma kidogo. Ukizidisha, inakata vibao na kipira kinapotea. Kosa ni lako, na unalijua.

New York ilipiga marufuku pinboli 1942, ikisema ni kamari. Na wakati ule hoja ilikuwa na nguvu, juu mashine hazikuwa na vibao. Ulirusha kipira ukabaki kuomba Mungu. Vibao vilikuja 1947. Mwaka 1976 Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani, akataja kipira kitapita wapi, na kikapita pale pale. Wakaondoa marufuku.

Sasa mwambieni mtu wa mashine ya sokoni ataje sarafu itaangukia wapi. Hawezi. Hata akicheza miaka kumi, mikono yake haijifunzi kitu, na aliyeiweka pale anajua hivyo. Ndiyo sababu siwezi kukubali neno "mchezo tu", na sitaki kumlaumu mtoto peke yake wakati mtu mzima anamwachia nafasi pale na sisi tunapita tukinyamaza.

Sikumpiga. Nilimkalisha kwenye laptop. Siku tatu za kwanza kipira kilikuwa kinapotea kati ya vibao, akanuna, akasema inamwonea. Jana amefungua rafu ya vitabu, akapiga kelele mpaka mama jirani akaja kuuliza nani amepokea simu ya safari. Sabuni bado tunadaiwa.