DAKTARI AJE NYUMBANI? NDIYO, LAKINI KWA MPANGO



Katika mkutano wetu wa juzi mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Tunakatwa pesa za matibabu kila mwezi. Kwa nini daktari asije nyumbani kumtibu mzee asiyeweza kutembea?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Mwaka jana mama yangu alishindwa kuinuka kitandani. Tulimbeba kwa kiti mpaka barabarani tukakodi gari, na nauli ikapita bei ya dawa. Alipofika alipimwa presha, akapewa vidonge, akaambiwa arudi nyumbani. Kazi ile ingeweza kufanywa pale pale kitandani pake.

Basi na tupige hesabu bila hasira. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya SHA. Mwenye shilingi 20,000 hutoa 550 kila mwezi. Ni haki yetu kuuliza pesa hizo zatufaa nini. Lakini tusidai lisilowezekana. Tuseme daktari akikaa hospitali anaona wagonjwa 30 kwa siku. Akianza kupanda na kushuka vilima vya Chinga na Mahiga wakati wa mvua, ataona labda 6. Wale 24 watakaa kwenye benchi wakimngoja, na wao pia ni wagonjwa.

Sisi watu wa reli tunajua jambo hili. Injinia hatembei kila maili ya reli. Genge la njia ndilo linalotembea kipande chake, likikaza nati na kutazama mataruma. Likiona kasoro kubwa linapeleka habari, na injinia anakuja kwa kiberenge. Hakuna anayesema ati injinia ni mvivu.

Afya nayo ina genge lake. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima. Kila mmoja alipewa nyumba kama 100 za kutembelea, pamoja na mkoba wenye vipimo vya presha na sukari. Hawa ndio wanaofika mlangoni. Je, wanalipwa nini? Walipangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Gawanya kwa nyumba 100, utapata shilingi 50 kwa nyumba moja kwa mwezi mzima! Tena huitwa posho, si mshahara. Sisi tuliopata kuwa vibarua tunajua maana ya neno hilo.

Watu watasema, wahamasishaji si madaktari. Ni kweli, na genge si injinia. Kwa hiyo shauri langu ni hili:

Kwanza, wahamasishaji walipwe mshahara, na ulipwe kwa wakati.

Pili, kila zahanati iwe na siku moja kwa juma ambayo mwuguzi au afisa wa kliniki anapanda pikipiki kwenda kwa wale wasioweza kuinuka, akifuata orodha ya wahamasishaji.

Tatu, daktari atoke hospitali, kama ile ya Mwai Kibaki hapa Othaya, kwa mgonjwa ambaye mwuguzi amemwona na kushindwa. Bima ilipe safari hiyo.

Mtu asituambie ni ndoto. Madaktari warukao wa AMREF walianza mwaka 1957, wakiwafuata wagonjwa wa mbali kwa ndege. Ikiwa ndege ilipatikana wakati ule, pikipiki ya kupanda Chinga itakosekanaje leo?

Ndugu zangu, tusiombe daktari kwa kila mlango. Tuombe mtu mwenye ujuzi afike kila mlango, alipwe jasho lake, na daktari aje akiitwa. Naomba tawi letu lilipeleke jambo hili kwa wakubwa wa chama kabla ya mkutano mkuu.